Kwa Boti Hadi Korongo la Murchison

Korongo la Murchison liko kaskazini-magharibi mwa Uganda, mahali ambapo Mto Nile unashuka kutoka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Ziwa Albert. Hapo mto mpana hubanwa katika upenyo wa mwamba usiozidi mita 8, kisha huporomoka kwa mita 43. Chini ya maporomoko, maji hutulia polepole, mto hupanuka tena na kupitika kwa boti. Boti za watalii hutoka kwenye gati la Paraa na kupanda mto kwa takriban kilomita 17 hadi karibu na maporomoko hayo. Kwenda na kurudi huchukua kama saa 3.

Wageni kutoka Ulaya, Marekani na Asia huvuka bahari kwenda kuyaona maporomoko haya. Mkazi wa Kisesa, Magu, Musoma au Bukoba yuko karibu nayo zaidi kuliko anavyodhani, na ana uhusiano nayo ambao mgeni wa mbali hana: maji yanayonguruma pale yametoka katika ziwa lake.

Maji yanavyofika korongoni

Mvua inayonyesha Magu na Bariadi huingia Mto Simiyu, nao humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke, kaskazini mwa Kisesa. Mara, Kagera, Nzoia na mito mingine huleta ya kwake kutoka pande nyingine. Hata hivyo, takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya maji hayo hurudi angani kama mvuke. Yanayobaki yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja, Uganda.

Kutoka Jinja, mto unaoitwa Nile ya Victoria huelekea kaskazini, huingia Ziwa Kyoga lenye kina kifupi na mafunjo mengi, kisha hukata kona kuelekea magharibi. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ilhali ule wa Ziwa Albert uko kwenye mita 620 hivi. Kwa hiyo maji yanapaswa kushuka zaidi ya mita 500 kabla ya kufika Albert. Baadhi ya mteremko huo uko karibu na Jinja, baadhi uko Karuma, na hatua ya mwisho yenye kishindo ni Murchison.

Asili ya mteremko huu ni Bonde la Ufa la Magharibi. Zamani sana, mito ya eneo hili ilitiririka kutoka mashariki kwenda magharibi. Ardhi ya ukingo wa bonde ilipoinuka, mito kama Kagera na Katonga ilizuiwa njia, maji yakarudi nyuma na kujaa katika uwanda ulio kati ya mabonde mawili ya ufa. Ziwa Victoria lilizaliwa hivyo, takriban miaka 400,000 iliyopita. Maji yalipozidi yalitafuta mahali pa chini pa kufurikia, yakapita upande wa kaskazini, na hatimaye yakafika kwenye ukingo wa bonde lile lile lililoyazuia. Korongo la Murchison ni alama ya mahali yalipoupasua ukingo huo.

Kwa wastani unaotajwa mara nyingi, mita za ujazo 300 za maji hupita katika upenyo ule kila sekunde. Mtu aliyewahi kuona umati ukisukumana kutoka kwenye lango moja la uwanja wa CCM Kirumba baada ya mechi ataelewa kinachotokea: wale wa nyuma hawapungui, lango halipanuki, na kasi pale mlangoni huongezeka. Ndiyo maana mwamba uliopo juu ya maporomoko hutetemeka chini ya miguu ya anayesimama hapo, na mvuke wa maji hupanda juu na kulowesha nyasi za pembeni mwaka mzima.

Safari yenyewe

Paraa iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, hifadhi kubwa kuliko zote nchini Uganda, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 3,800. Mto unaigawa hifadhi pande mbili. Kwa miaka mingi watu na magari walivushwa hapo kwa pantoni, kama ilivyokuwa Kigongo na Busisi kabla ya daraja. Siku hizi Paraa nayo ina daraja lake.

Boti nyingi ni pana, za bapa chini, zenye paa la kukinga jua, na nyingine zina ghorofa ya juu. Kwa kawaida huondoka saa 2 asubuhi na saa 8 mchana. Wakati wa kupanda mto, ukingo wa kaskazini huwa kushoto mwa msafiri, na upande huo una mbuga wazi, mivumo na nyasi fupi, hivyo wanyama huonekana kwa urahisi zaidi. Upande wa kusini una miti mingi.

Wanyama wa kwanza kuonekana ni viboko. Hukaa makundi makundi kwenye maji yenye kina kifupi, macho na masikio yakiwa juu, na nahodha hupunguza mwendo na kupita mbali nao. Kwenye kingo za mchanga hulala mamba, wengine wakiwa wameachama midomo ili kupunguza joto la mwili. Tembo na nyati hushuka kunywa maji, hasa jua likiwa kali. Twiga, kuro, ngiri na swala aina ya kob huonekana kwenye mbuga iliyo nyuma ya ukingo.

Ndege ni wengi kupita kiasi. Furukombe hukaa juu ya miti mikavu, mdiria huning'inia hewani kabla ya kujitupa majini, na kwenye kuta za udongo zilizokatwa na mto kuna matundu mengi ya viota vya keremkerem wenye koo jekundu. Wanaotaka kumwona korongo-nyangumi, ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana, hupanda boti nyingine inayoteremka mto kutoka Paraa hadi mahali Nile inapoingia Ziwa Albert, penye mafunjo na vinamasi vinavyompendeza ndege huyo.

Dalili ya kwanza ya maporomoko hutokea kabla hayajaonekana wala kusikika. Mapande meupe ya povu huanza kuelea juu ya maji, machache mwanzoni, kisha mengi hadi mto mzima unakuwa na mabaka. Abiria wengi hudhani ni sabuni au uchafu wa kiwandani. Ukweli ni kwamba maji ya mto yana mabaki laini ya mimea iliyooza, na yanapopigwa kwenye mwamba na kuchanganyika na hewa, mabaki hayo hushika mapovu yasipasuke upesi. Kadiri povu linavyozidi, kingo za mto nazo hubadilika: udongo hupungua, mawe huongezeka, vilima vya pande zote mbili husogeleana, na mkondo hupata nguvu hadi injini hubadilisha sauti.

Mita mia kadhaa kabla ya maporomoko boti haiwezi kuendelea tena. Katikati ya mto kuna mwamba, na nahodha huegemeza omo ya boti kwenye mwamba huo huku injini ikiendelea kusukuma, ili mkondo usiirudishe nyuma. Abiria hupata dakika chache za kutazama na kupiga picha: mstari mweupe wa maji kati ya kuta mbili nyeusi za mawe, na mvuke juu yake. Wenye nguvu ya kutembea huweza kuteremka ukingoni na kupanda njia ya miguu wakiongozwa na askari wa wanyamapori, mwendo wa kama saa moja, hadi juu kabisa ambako Nile inaingia katika upenyo wake. Waliobaki hurudi Paraa haraka zaidi, kwa kuwa sasa mkondo unawasaidia.

Ukuta uliomzuia sangara

Maporomoko ya Murchison yana nafasi kubwa zaidi katika historia ya samaki wa Mwanza kuliko wengi wanavyojua. Sangara ni samaki wa asili wa Nile na Ziwa Albert. Tangu enzi na enzi alifika chini ya maporomoko na kuishia hapo, kwa kuwa hakuna samaki anayeweza kupanda ukuta ule wa maji. Juu ya maporomoko, katika Kyoga na Victoria, hakukuwa na sangara. Ziwa Victoria lilikuwa la furu wa mamia ya aina, sato wa asili, kambale, ningu na wengineo.

Katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Waingereza, sangara walichukuliwa upande wa Ziwa Albert na kupandikizwa Kyoga na Victoria. Binadamu aliruka ukuta ambao samaki mwenyewe hakuweza kuuruka. Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa ametapakaa ziwa zima, na aina nyingi za furu zilipungua mno au kutoweka. Papo hapo vikazaliwa viwanda vya minofu vya Mwanza, usafirishaji wa samaki kwenda Ulaya, na biashara ya mabondo inayolisha familia nyingi za mwambao hadi leo. Katika kina kilicho chini ya maporomoko, sangara wakubwa bado wapo nyumbani kwao, na wavuvi wa ndoano hutoka nchi za mbali kwenda kuwavua hapo kwa kibali.

Waliopita kabla

Mto huu umo katika ardhi ya zamani ya ufalme wa Bunyoro, ambao watu wake waliujua kabla ya mgeni yeyote. Mwingereza Samuel Baker na mwenzi wake Florence walifika Ziwa Albert Machi 1864, kisha wakaingia mdomo wa Nile kwa mitumbwi na kupanda mto hadi chini ya maporomoko, njia ile ile inayopitwa na boti za leo. Baker aliyapa maporomoko jina la Roderick Murchison, aliyekuwa rais wa chama cha kifalme cha jiografia cha Uingereza. Miaka 6 kabla ya hapo, mwaka 1858, Mwingereza mwingine, John Hanning Speke, alikuwa ameliona Ziwa Victoria kutoka upande wa Mwanza na kudai kuwa ndilo chanzo cha Nile. Mwaka 1862 alifika Jinja na kuuona mto ukitoka. Safari ya Baker iliongeza kipande kilichokuwa kinakosekana.

Bunyoro haikukubali ukoloni kwa urahisi. Mfalme wake, Omukama Kabalega, alipigana na Waingereza kwa miaka mingi hadi alipokamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni Shelisheli. Aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, lakini alifia Jinja akiwa njiani kwenda nyumbani. Wakati wa utawala wa Idi Amin, maporomoko na hifadhi vilipewa jina la Kabalega, na baadaye jina la Murchison likarudishwa.

Ukimya wa kingo za mto huu nao una historia ya kusikitisha. Ugonjwa wa malale ulipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wa eneo kubwa kati ya mwaka 1907 na 1912. Watu walipoondoka, wanyama waliongezeka. Eneo likafanywa pori la akiba mwaka 1926 na hifadhi ya taifa mwaka 1952. Mbung'o wanaoeneza ugonjwa huo bado wapo, na wageni hushauriwa wasivae nguo nyeusi wala za bluu kwa sababu rangi hizo huwavutia.

Umaarufu wa kimataifa ulikuja katikati ya karne. Sehemu ya filamu *The African Queen*, iliyotoka mwaka 1951, ilipigwa katika eneo hili. Januari 1954 mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway na mkewe Mary walikuwa wakiyatazama maporomoko kutoka angani ndege yao ilipogonga waya wa simu na kuanguka. Walinusurika, wakachukuliwa na boti hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert, na ndege ya pili waliyopanda hapo ikaanguka na kuwaka moto ikijaribu kuruka. Magazeti kadhaa duniani yalishatangaza kifo cha Hemingway alipojitokeza akiwa hai.

Kisha mto wenyewe ukabadilika. Mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 zilipandisha Ziwa Victoria, na hadi mwaka 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2, likafunika mashamba na bandari za pande zote. Mwaka 1962 maji yaliyozidi yalitafuta njia ya pili pembeni ya Murchison na kufanya maporomoko mengine. Mwaka huo Uganda ilipata uhuru, na maporomoko hayo mapya yakaitwa Uhuru. Leo yanaonekana kwa pamoja kutoka kwenye kilima kilicho karibu.

Kwenda kutoka Kisesa

Msafiri wa Kisesa huanzia Mwanza. Tangu daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lizinduliwe Juni 2025, barabara ya kwenda Geita, Biharamulo na Bukoba haina tena foleni ya pantoni. Kutoka Bukoba njia huenda Mutukula mpakani, kisha Masaka na Kampala. Kutoka Kampala hadi Paraa ni kama kilomita 300, kupitia Luweero na Masindi. Basi la kawaida linafika Masindi. Ndani ya hifadhi hakuna usafiri wa umma, hivyo watu wengi hukodi gari kwa kikundi au hujiunga na msafara wa kampuni ya utalii ya Kampala.

Mtanzania haombi viza ya Uganda, lakini anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, hutoza ada kwa madaraja, na raia wa Afrika Mashariki hulipa sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni wa mbali. Kitambulisho cha uraia ndicho kinachompa mtu haki hiyo, kwa hiyo kisiachwe nyumbani. Miezi ya Desemba hadi Februari na Juni hadi Septemba huwa mikavu, na wanyama husogea mtoni.

Kwenye boti, jaketi okozi huvaliwa tangu gatini hadi kurudi, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuning'iniza mkono majini. Watu wa Mwanza hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 na MV Nyerere Septemba 20, 2018, na mamia ya familia za kanda ya ziwa bado zinaomboleza. Boti iliyojaa kuliko uwezo wake, au isiyo na majaketi ya kutosha, ni ya kukataa kupanda hata kama nauli imeshalipwa.

Mto ulio katika hesabu

Sehemu nyembamba yenye mteremko mkali humpendeza mtalii, na humpendeza pia mhandisi wa umeme. Nchini China, Makorongo Matatu ya Mto Yangtze yalikuwa maarufu kwa safari za meli kwa vizazi vingi. Bwawa lililojengwa hapo lina mitambo ya megawati 22,500, na zaidi ya watu milioni 1.2 walihamishwa ili maji yapate nafasi. Meli bado zinapita, lakini kina kimeongezeka na kuta za mawe zimefupika. Tanzania nayo ilikuwa na korongo la Stiegler kwenye Mto Rufiji. Sasa mahali hapo pana Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, ambalo nchi inalitegemea kwa umeme.

Nile ya Victoria imefuata njia hiyo hiyo. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja mwaka 1954 na kuyafunika Maporomoko ya Ripon aliyoyaona Speke. Bujagali lilifuata mwaka 2012, Isimba mwaka 2019, na Karuma lenye megawati 600 lilizinduliwa mwaka 2024. Umeme huo ni wa lazima, na mkoa wa Kagera wenyewe umetumia umeme wa Uganda kwa miaka mingi. Mwaka 2019 kampuni moja ya Afrika Kusini iliomba kuchunguza uwezekano wa kujenga bwawa kwenye maporomoko ya Uhuru. Waendeshaji wa utalii na wananchi wengi wa Uganda walipinga kwa nguvu. Serikali ilisema kwanza kwamba mradi hautaendelea, kisha mwishoni mwa mwaka ikaruhusu uchunguzi ufanyike. Hakuna bwawa lililojengwa hapo.

Shinikizo jingine ni mafuta. Mradi wa Tilenga una visima ndani ya hifadhi, kaskazini mwa mto, na bomba la mafuta ghafi limechimbiwa njia chini ya Nile. Mafuta hayo yamepangiwa kusafiri kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, yakikatiza mikoa 8 ya Tanzania, ikiwemo Kagera na Geita. Kwa hiyo Tanzania ina hisa katika mapato, na ina hisa katika wajibu wa kuona kwamba mto haudhuriki.

Katika safari ya Nile kati ya Jinja na Ziwa Albert, mabwawa yamekwisha kuchukua sehemu kubwa ya mteremko. Murchison na Uhuru ndiyo maporomoko makubwa ambayo bado yanaanguka kwa nguvu yake yote bila kugeuzwa kuwa umeme. Utalii unaoingiza fedha pale ndiyo hoja kubwa ya kuyaacha yalivyo, na tiketi ya boti ya raia wa Afrika Mashariki inahesabiwa katika hoja hiyo sawa na ya mgeni kutoka mbali.